Ufadhili wa Mafundi Cherehani

Walimwita Mama Spana, na yeyote aliyewahi kumbebea mkoba alijua sababu. Ndani mlikuwa na spana za kila saizi, bisibisi tatu, kopo la mafuta mepesi, matambara, na pengine kipande cha mkate kilichofungwa kwenye gazeti. "Huo si mkoba, ni gereji," mumewe alizoea kusema. Mumewe alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, mtu aliyezoea kumaliza jambo lolote kwa maneno manne au matano, kwa kuwa ubao nao una mwisho wake.

Kazi ya Mama Spana ilikuwa kutengeneza vyerehani. Kushona hakujua. Kifungo cha shati la mumewe kikikatika, alikipeleka kwa jirani bila aibu yoyote. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa: dirisha moja, meza ya mbao ngumu iliyokunywa mafuta miaka mingi mpaka ikawa nyeusi, na mikanda ya mashine imening'inia ukutani. Aliyeleta mashine hakuhitaji kueleza ugonjwa wake. Mama Spana alizungusha gurudumu mara mbili, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Bobini inagonga pembeni." Au, "Umeshonea turubai mashine hii. Usinidanganye, naisikia inavyolia."

Sikio hilo alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa fundi kabla yake. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, binti alikuwa na miaka kumi na sita na hakuna darasani aliyemfikia kwa hesabu. Akatolewa shule kwa muda, amsaidie baba. Mzee alikaa kwenye kigoda akisikiliza, binti akawa macho yake, na hivyo wakaendelea kulisha nyumba. Muda ule haukuisha. Mzee alipofariki, binti alikuwa fundi kamili na wenzake wa darasani walikuwa wameshamaliza vyuo. Watu walipomuuliza kama hajutii, alijibu, "Kujuta nako ni kazi, na mimi kazi ninayo."

Hata hivyo, yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa chama cha mafundi cherehani na kusema chama kianze kusomesha. Kilikuwa na wanachama arobaini na watatu: washonaji, wadarizi, watoboa matundu ya vifungo, na yeye mtengeneza mashine. Mpaka siku hiyo michango yao ilikuwa ya misiba na harusi tu.

Mwenyekiti, mshona suti, aliguna. Wenyewe walimwita Kamishna, kwa sababu hakuna aliyesimama mbele yake bila kupimwa kwa macho kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu.

"Tuchangie maiti, tuchangie maharusi, na sasa tuchangie walio hai?" aliuliza.

"Walio hai ndio wenye shida, Mwenyekiti," Mama Spana alimjibu. "Maiti ameshamaliza zake."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikapitisha hoja kuliko kura. Kila mwanachama akatoa kidogo kila mwezi. Iliwachukua mwaka mmoja na nusu kupata kiasi cha kumsaidia mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja.

Aliyechaguliwa alikuwa binti wa mwanachama wao, mama mmoja mtoboa vifungo aliyefiwa na mumewe. Binti mwenyewe kila mtu alimwita Kifungo tangu utotoni, maana alikulia chini ya meza ya mama yake akipanga vifungo kwa rangi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo, akisomea upimaji wa ardhi.

"Basi ni mwenzetu," alisema Kamishna siku ya kumkabidhi hundi, tepu yake ikiwa shingoni kama kawaida. "Sisi tunapima viuno, yeye atapima viwanja."

Hundi iliandikwa kwa jina la chuo, kama walivyoelekezwa. Walipiga picha. Mama yake Kifungo alilia, Kamishna akatoa hotuba ndefu kuliko suruali yoyote aliyowahi kushona, na wote wakarudi kazini wakijiona wamefanya jambo.

Ilipita miezi mitano. Ndipo chuo kilekile kikamwita Mama Spana kutengeneza vyerehani sita vya idara ya ubunifu wa mavazi. Alifanya kazi asubuhi nzima, na saa sita akaenda kwenye bwalo la wanafunzi kutafuta chai. Akiwa kwenye foleni, alimwona binti aliyevaa aproni ya plastiki na glavu za mpira akisukuma toroli la sahani chafu. Binti alipoinua macho na kumwona, aligeuza toroli ghafla kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

"We Kifungo!" aliita Mama Spana. Foleni nzima ikageuka.

Binti alisimama. Hakukuwa na pa kukimbilia. Nyuma yake kulikuwa na ukuta na mbele yake Mama Spana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hizi sahani ndizo viwanja unavyopima?"

Kifungo alitabasamu kidogo, kisha akaangalia chini. "Ni kazi ya chuo, shangazi. Ni sehemu ya msaada. Masaa kumi na sita kwa wiki."

"Najua ulikuwa na kazi. Mama yako alituambia kwenye mkutano, ndiyo maana tukakuchagua wewe, ili upunguze. Umepunguza masaa mangapi?"

Binti alipanga upya sahani mbili juu ya toroli.

"Na mkopo? Umepungua?"

"Haujapungua."

"Sasa pesa zetu zimefanya nini?"

Kifungo alivua glavu moja, akaivaa tena. "Hazijafanya kitu, shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Ziliingia, na wao wakapunguza ruzuku yao kiasi kilekile. Nimebaki palepale. Niliona nikisema nitaonekana sina shukrani. Mama aliifremu ile picha."

Mama Spana hakunywa chai siku hiyo. Alimalizia mashine mbili zilizobaki, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viganja vikawaka, kisha akauliza ilipo ofisi ya misaada ya wanafunzi.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, yenye benchi refu ukumbini na mashine ya kutolea namba iliyoharibika. Ilipofika zamu yake alimkuta kijana mwembamba aliyekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, mezani pake majalada yamerundikana pande zote mbili kama kuta. Mama Spana alikaa kabla hajakaribishwa na kuweka mkoba sakafuni. Mkoba ulitoa mlio wa chuma.

"Nimetoka chama cha mafundi cherehani," alisema. "Tulileta pesa kumsaidia mtoto wetu. Nasikia mmezila."

Kijana hakukasirika. Baadaye Mama Spana alisema hicho ndicho kilichomtuliza, maana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kijana alimwambia kwamba mambo ya mwanafunzi hawezi kuyazungumza bila ruhusa yake. Ikabidi Kifungo aitwe kutoka bwaloni, akaja na aproni yake, akasaini karatasi ya ruhusa, akakaa pembeni akinuka sabuni.

Kijana alichukua karatasi nyeupe. "Mama, tuseme gharama ya mwaka mzima ni mia. Ada, chumba, chakula, vitabu. Sisi tunaangalia kipato cha familia, tunaona wanaweza kutoa kumi. Kwa hiyo mahitaji yake ni tisini. Tuko pamoja?"

"Endelea."

"Hizo tisini tunazijaza sisi. Ruzuku, ambayo harudishi, hamsini na tano. Mkopo, atakaolipa akimaliza, ishirini. Kazi, kumi na tano. Jumla tisini. Hapo mnakuja nyinyi na kumi na tano yenu. Sasa ana mia na tano kwenye mahitaji ya tisini. Sheria hainiruhusu nimwache hivyo. Lazima kitu kipungue."

Mama Spana alizijumlisha tarakimu upya. Hesabu ilikuwa sahihi. Hilo lilimuudhi zaidi.

"Kipungue, sawa. Mbona mmepunguza ruzuku, isiyorudishwa? Mngepunguza mkopo. Au zile sahani."

"Ingewezekana," kijana alisema.

"Eti?"

"Mfadhili au mwanafunzi akituandikia barua kabla ya mwezi wa pili wa masomo kuisha, akaomba pesa za nje zipunguze kwanza mkopo na kazi, tunafanya hivyo. Asipoandika, tunatoa kwenye ruzuku. Ndiyo kanuni ya hapa. Kuna vyuo vinavyofanya vingine."

"Na nani alimwambia huyu mtoto kwamba kuna barua ya kuandika?"

"Imo kwenye kitabu cha mwongozo, mama."

"Ukurasa gani?"

Kijana alikohoa. "Thelathini na nne."

Mama Spana alimgeukia Kifungo. Binti alitikisa kichwa. Hakufika ukurasa huo. Kijana naye akakuna shingo na kusema kwamba, kusema kweli, hata wafanyakazi wengine wa chuo hawajafika.

"Basi rekebisha," alisema Mama Spana. "Tutaandika leo."

"Ya mwaka huu haiwezekani tena. Ile kumi na tano tuliyopunguza kwenye ruzuku yake imeshakwenda kwa mwanafunzi mwingine."

"Mwingine nani?"

"Siwezi kukutajia. Ila ni mtu aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri. Alikuwa amefungasha vitu vyake arudi kwao. Tulimpigia simu tukamwambia asiondoke." Kijana aliinua mabega kidogo. "Pesa yenu haikuliwa, mama. Ilisomesha, lakini haikumsomesha huyu."

Mama Spana alikuja na hasira ya mtu aliyeibiwa, na sasa mwizi hakuwapo. Alishuka ngazi na Kifungo. Chini alisimama, akampa binti kile kipande cha mkate kutoka mkobani, akamwambia, "Siku nyingine kitu kikikuuma, sema. Shukrani ya kunyamaza haitusaidii."

Jumamosi wanachama walikutana kwenye karakana ya Kamishna, katikati ya makoti yasiyo na mikono yaliyotundikwa. Kifungo alikuja na mama yake. Mama Spana alieleza yote, akatumia vifungo mezani badala ya tarakimu: vyeupe ruzuku, vyeusi mkopo, vyekundu kazi. Alipoondoa vifungo vyeupe kumi na tano na kuweka vya rangi ya shaba, pesa ya chama, mahali pavyo, karakana ilichemka.

"Kwa hiyo tumekichangia chuo!" alisema mdarizi mmoja. "Chuo chenye lifti!"

"Tumepanda sisi, kuku wa jirani wamedonoa," alisema mwingine.

"Amedonoa mtoto wa mtu," Mama Spana alisema. "Naye alikuwa na njaa."

"Simjui!" mdarizi alijibu, na haikuwa rahisi kumlaumu. Alikuwa akitoa mchango wake kila mwezi kwa pesa ya kudarizi kofia, kofia moja siku tatu, na alichangia kwa ajili ya binti aliyemwona akikua.

Mama yake Kifungo alisimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mkutanoni. "Mimi ile picha nitaiacha ukutani," alisema. "Mlitoa. Kilichotokea baadaye si nyinyi." Akaketi.

Ndipo Kamishna akaja na wazo lake, naye alilileta polepole, akijua linavyonuka. "Dawa ni ndogo. Mwakani hatuandiki hundi. Tunampa mtoto bahasha mkononi. Chuo hakijui, hakipunguzi. Mambo kwisha."

Vichwa vingi viliitikia. Mama Spana mwenyewe alikiri baadaye kwamba kwa dakika nzima alikubaliana naye. Aliliona lile toroli la sahani na akasema moyoni, kwa nini isiwe hivyo?

Kifungo ndiye aliyelivunja. "Samahani, wazazi wangu. Kila mwaka nasaini fomu kwamba nimetaja msaada wote ninaopata. Wakigundua, watanidai nirudishe vyote, na naweza kufukuzwa. Na hata wasipogundua..." Alitafuta maneno. "Nitapima ardhi za watu. Nikianza kwa kuficha mpaka, nitamalizia wapi?"

Kamishna alimpima kwa macho kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu. "Haya," alisema. "Bahasha imekufa. Izikwe."

Wiki iliyofuata Mama Spana alirudi ofisini na maswali manane kwenye karatasi. Yule kijana alimletea kiti mwenyewe. Aliuliza kila kitu kama anavyofungua mashine, skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka kwa mpangilio. Alijua sasa kwamba barua ya mfadhili iseme wazi: kwanza kazi, halafu mkopo, ruzuku mwisho kabisa. Alijua kwamba ufadhili unaweza kugawanywa kwa miaka miwili. Na alijifunza jambo ambalo halikuwapo hata ukurasa wa thelathini na nne: mwanafunzi mwenye gharama ya lazima isiyohesabiwa, kama kompyuta ya masomo, anaweza kuleta risiti na kuomba ile mia yenyewe iongezwe, na mahitaji yakaongezeka nayo.

"Mbona hamsemi mambo haya?" aliuliza.

"Tukiulizwa tunasema."

"Mtu anaulizaje asichokijua?"

Kijana aliandika kitu kwenye daftari lake. Muhula uliofuata kulikuwa na tangazo jipya la karatasi mlangoni, limeandikwa kwa herufi ndogo mno. Mume wa Mama Spana alipoonyeshwa alisema hilo si tangazo, ni siri iliyobandikwa.

Barua ya chama ilichukua jioni tatu. Rasimu ya kwanza aliiandika mumewe, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko, lakini alizoea mabango. Ilisomeka: PUNGUZA KAZI. PUNGUZA MKOPO. RUZUKU USIGUSE.

"Baba watoto, hatuuzi viatu," Mama Spana alimwambia.

"Lakini umeelewa au hukuelewa?"

Alikuwa ameelewa. Walibakiza maneno yake na kuongeza heshima mbele na nyuma.

Mwaka wa pili wa Kifungo mambo yalikwenda ilivyopasa, ingawa si yote. Chama hakikuwa na kiasi kama cha mwanzo. Mdarizi wa kofia na wengine wawili walikuwa wamejitoa, wakisema watachangia misiba tu, kule pesa inaonekana inakokwenda. Kilichopatikana kilikuwa kumi badala ya kumi na tano. Chuo kilikata masaa ya bwaloni kutoka kumi na sita mpaka matano na kidogo. Mkopo haukuguswa. Kompyuta iliombwa kwa risiti, ombi likakaa ofisini majuma saba, likarudi limekubaliwa nusu.

Kifungo aliyatumia yale masaa yaliyorudi kwake kwenda uwandani na wenzake siku za mazoezi ya vipimo, siku ambazo mwaka wa kwanza alizikosa akiosha sahani. Somo moja alilofeli kwa sababu hiyo ilimbidi alirudie. Alilirudia akafaulu, si kwa kung'ara, ila alifaulu.

Mama Spana hakuacha kazi yake, lakini habari zilienea. Chama cha vinyozi kilimtuma katibu wao, kisha wakaja akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, kila kikundi kikiwa na mtoto mmoja chuoni na hundi moja mkononi. Aliwapokea palepale kwenye meza yake nyeusi, akamwaga vifungo, akawaeleza. Akawauliza kila mara swali lilelile kabla ya jingine lolote: "Mmekiuliza chuo chenu kinapunguza nini kwanza?" Wengi hawakuwa wameuliza. Aliwarudisha wakaulize.

Mwaka wa tatu alipopeleka barua ya chama, alimkuta mgeni kwenye ile meza yenye majalada, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Yule kijana alikuwa amehamishiwa idara ya mitihani. Mwanamke alisoma barua, akasema kanuni zimebadilika kidogo mwaka huo. Sasa kulikuwa na fomu maalumu, na barua peke yake haitoshi.

"Fomu hiyo iko wapi?" Mama Spana aliuliza.

"Bado haijachapishwa."

Mama Spana aliuvuta mkoba wake karibu na kiti. "Basi niandikie hapa kwa mkono itakavyokuwa," alisema. "Mimi nitasubiri."

Mwanamke alimtazama, akautazama mkoba, akachukua kalamu.